Mwalimu Anajibu: Kufundisha Kiingereza na Kulea Vijana Ugenini

Kati ya barua tulizopokea tangu toleo lililopita, tatu zinahusu jambo moja: vijana wetu wanaotaka kwenda Thailand kufundisha Kiingereza kwa niaba ya kanisa. Tumezikabidhi kwa mwalimu mstaafu wa safu hii, ambaye alitumika mjini Chiang Mai kwa miaka mitano, darasani na katika bweni la vijana.

*SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Njombe, nina umri wa miaka 27 na shahada ya ualimu. Usharika wetu umeombwa kumpendekeza mtu wa kwenda Chiang Mai kwa miaka miwili, afundishe Kiingereza katika shule ya kanisa mchana na kusaidia bweni la vijana jioni, na mchungaji amenitaja mimi. Hofu yangu ni kwamba Kiingereza si lugha yangu. Nyumbani tulisema Kibena, shule ya msingi tukasoma kwa Kiswahili, na Kiingereza nilikutana nacho kwa dhati kidato cha kwanza. Je, sitawapotosha watoto wa watu? — Msomaji, Njombe*

Marahaba, mwanangu. Nianze na upande mchungu, ili usije ukaukuta huko bila kuambiwa. Matangazo mengi ya kazi ya ualimu nchini Thailand hutaja wazi kwamba anatakiwa mzawa wa lugha, na maana yake ni mtu wa Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na nchi nyingine chache. Mwafrika mwenye shahada ya ualimu anaweza kuombwa mtihani kama IELTS au TOEIC ambao kijana wa London asiyewahi kushika chaki haombwi, na akishapata kazi akakuta mshahara wake ni mdogo kuliko wa jirani yake wa meza ya pili. Shule za kanisa nazo hazina kinga dhidi ya tabia hiyo. Kabla ya kukubali, ulizia posho yako ni kiasi gani na ya wenzako wageni ni kiasi gani, wala usione haya kuuliza kwa sababu eti ni utume.

Darasani, hata hivyo, mambo hugeuka. Katika Kithai, neno halimaliziki kwa sauti ya s wala kwa konsonanti mbili zilizofuatana, na kwa sababu hiyo mwanafunzi akisoma neno "house" utasikia "hau", mwisho wake umekatwa. Sisi tukishindwa na konsonanti hiyo hiyo huiongezea irabu tukasema "hausi". Ugonjwa ni mmoja, dalili ndizo mbili, na wewe uliyeugua unakumbuka ulivyopona. Vivyo hivyo kuhusu r na l, ambazo Wathai wengi huzichanganya wanapozungumza. Nadhani kwetu hatuhitaji kwenda mbali kumpata mtu asemaye "karamu" akimaanisha kalamu. Penye ugumu zaidi ni njeo, kwa sababu kitenzi cha Kithai hakibadiliki kabisa, na habari ya jana au kesho huelezwa kwa neno la pembeni. Mzawa wa Kiingereza husahihisha sentensi kwa sikio, na mtoto akimuuliza kwa nini, mara nyingi hujibu kwamba ndivyo isemwavyo. Wewe ulifundishwa sababu, tena kwa lugha yako ya tatu.

Kitakachokusumbua zaidi ni kimya. Wathai wana neno *krengjai*, ambalo ni ile haya ya kutotaka kumsumbua mtu, hasa mkubwa. Ukiliuliza darasa kama limeelewa, wanafunzi 40 watatikisa vichwa kwa heshima, na kumbe walioelewa ni 6. Miezi yangu miwili ya kwanza nilidhani nafundisha vizuri mno, hadi nilipokusanya madaftari. Tangu hapo niliacha kuuliza swali hilo. Badala yake niliwagawa wawili wawili, mmoja akimweleza mwenzake picha kwa Kiingereza, naye akiichora bila kuiona. Mchoro hausemi uongo kwa adabu. Epuka pia kumsahihisha mwanafunzi kwa sauti kali mbele ya wenzake, kwa kuwa hatajibu tena mpaka mwaka uishe.

Mengine utayazoea: bendera kupandishwa na wimbo wa taifa kuimbwa saa mbili asubuhi, kutomgusa mtoto kichwani hata kwa kumpongeza, kutomwelekezea mtu nyayo zako. Mwaka wa masomo huanza katikati ya Mei na kuishia Machi. Mwezi Juni, aghalabu siku ya Alhamisi, kuna sherehe ya *Wai Khru*, ambapo wanafunzi huwapigia walimu magoti wakiwa na sinia za maua. Kuna ua lenye umbo la sindano, ishara ya akili iliyochongoka; kuna majani yanayotambaa upesi, ishara ya elimu inayoenea; na kuna ua la bilinganya, ambalo huinama kabla ya kuzaa, ishara ya unyenyekevu. Shule za Kikristo nazo huiadhimisha kwa namna yake. Mwenzangu mmoja kutoka Ulaya alitoka ukumbini akisema hawezi kupigiwa goti na binadamu mwenzake. Mimi, niliyekua nikiwaona dada zangu wakipiga goti kumwamkia mkubwa, nilikaa nikapokea sinia yangu.

*SWALI: Mwalimu, Bwana asifiwe. Nitaondoka Kakamega mwakani kwenda kaskazini mwa Thailand, nikisaidiwa na kundi la wafadhili. Wameniambia kwamba Kiingereza ni mlango tu, kwamba lengo ni kuhubiri, na kwamba kila baada ya miezi mitatu nitume taarifa ya idadi ya vijana walioongoka, pamoja na picha. Wazazi wa wanafunzi wengi ni Wabudha. Je, nitumie kipindi changu vipi? — Kijana wa Kakamega*

Asifiwe sana, ndugu yangu. Swali lako limekuwapo huko kwa karibu miaka 180, na wenyeji wamekwisha kulijibu mara kadhaa, tena waziwazi. Katika miaka ya 1840 mwanamfalme Mongkut, akiwa bado mtawa wa Kibudha, alijifunza Kiingereza kwa mmisionari Mmarekani Jesse Caswell. Walipatana vizuri: mmoja alipata lugha, mwingine akapewa chumba katika eneo la hekalu lenyewe ahubiri humo. Kila upande ulijua unatoa nini na unapokea nini. Mongkut alipokuwa mfalme mwaka 1851, aliwaruhusu wake wa wamisionari kuwafundisha Kiingereza wanawake wa ikulu, lakini wao wakaingiza mahubiri katika masomo, na baada ya miaka michache masomo hayo yakakoma. Alipomwajiri Anna Leonowens mwaka 1862 kuwafundisha watoto wake, mfalme alimwandikia mapema kwamba anatarajia lugha, sayansi na fasihi, wala si jitihada za kuwabadilisha dini. Naona barua hiyo ingefaa kusomwa na kila anayefunga sanduku kwenda huko.

Huko kaskazini uendako, wamisionari Daniel McGilvary na mkewe Sophia walifika Chiang Mai mwaka 1867. Mwaka 1869 wawili kati ya waumini wao wa kwanza waliuawa kwa amri ya mtawala wa eneo hilo, na amri ya kuruhusu uhuru wa dini ilitolewa mwaka 1878 tu. Hao hawakuhubiri kwa kujificha nyuma ya sarufi, na waliolipa gharama walijua wanalipia nini. Shule ya wavulana ambayo misheni ilianzisha mwaka 1887, na ambayo tangu 1906 inaitwa Prince Royal's College, ingalipo, na ni miongoni mwa shule zinazoheshimiwa sana mjini. Wanaosoma humo wengi ni Wabudha, nao huingia wakijua ni shule ya Kikristo. Wakristo katika Thailand nzima bado ni kama mtu mmoja katika kila watu mia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kipindi cha Kiingereza ni cha Kiingereza. Mzazi amelipia dakika hizo 50, na ukizichota kwa kazi nyingine umemwibia, hata kama ulichompa mwanawe badala yake ni Injili. Sala ya asubuhi na somo la dini vina nafasi yake katika ratiba ya shule ya kanisa, hadharani. Ukitaka kufundisha Biblia kwa Kiingereza siku ya Jumamosi, andika kwenye tangazo kwamba ni darasa la Biblia, tena kwa Kithai, ili hata bibi wa mtoto alisome. Watakuja wachache. Mimi walinijia wanne, na mmoja wao alifuata gitaa.

Kuhusu wafadhili, waandikie kabla hujaondoka kwamba hutatuma hesabu ya walioongoka. *Krengjai* niliyomweleza mwalimu wa Njombe hapo juu inafanya kazi hapa pia: kijana anayekupenda, akiombwa na mwalimu wake asimame mbele kuungama imani, atasimama ili asikuaibishe. Ukiitaja hesabu hiyo kwa wafadhili umewadanganya wao, na yeye umemtumia. Watumie taarifa ya kazi inayoonekana: ni wangapi mwezi Mei hawakuweza kusoma aya moja, na wangapi wanaweza sasa, bweni lina vitanda vingapi, paa linavuja wapi.

Na picha? Hapa naomba nichelewe kidogo. Mabweni mengi ya kanisa huko Chiang Mai na Chiang Rai huwahifadhi watoto wa jamii za milimani, Wakareni, Walahu, Waakha na Wahmong, ambao vijiji vyao viko mbali na shule za sekondari. Wengi wana baba na mama walio hai, wanaolima mahindi na mpunga huko juu na kushuka mara chache kuwaona. Niliwahi kuona picha ya binti wa bweni letu katika kipeperushi cha wageni waliotutembelea siku mbili, chini yake imeandikwa kwamba ni yatima. Mama yake alikuwa ameleta gunia la mchele wiki ileile. Usipige picha ya mtoto bila idhini ya mzazi na ya mlezi wa bweni, na usiandike chini yake neno ambalo hungelisoma mbele ya mama huyo.

Vijana hao ndio watakaokufundisha utume wako. Kwao Kithai chenyewe ni lugha ya pili, walichekwa kwa lafudhi yao darasani kabla hawajafika kwenye Kiingereza, na Mluhya aliyecheka na kuchekwa shuleni kwa sababu ya lafudhi hahitaji kuelezwa. Baadhi yao, ingawa wamezaliwa Thailand, hawana uraia, na kwa kukosa karatasi hiyo safari na mkopo wa masomo huwa mtihani kuliko mtihani. Mara nyingi saa moja ya kumsaidia kijana kujaza fomu, ukiwa pamoja na mlezi Mthai anayejua sheria, ina faida kuliko mahubiri matatu. Cheza nao mpira. Jifunze kupiga *takraw*, ule mpira wa kusukwa unaopigwa kwa miguu juu ya wavu, nao wakucheke uangukapo. Usikae chumbani na kijana mmoja mlango ukiwa umefungwa, usimtumie ujumbe wa faragha usiku, usimkopeshe fedha. Haya si mashaka juu yako; ni kanuni ambayo bweni lolote linalofaa litakupa uitie saini, na lisipokupa, iulizie.

*SWALI: Mwalimu, mwanangu wa kiume amehitimu chuo na hana kazi. Mtu aliyejitambulisha kwenye WhatsApp kuwa wakala wa huduma ya vijana amemwahidi kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand, mshahara mkubwa, tiketi inalipwa, aingie kwa viza ya utalii na mengine yatashughulikiwa akifika. Atapokelewa Bangkok na kupelekwa mji uitwao Mae Sot. Haitaji cheti chochote. Nimeridhika nusu, nusu sijaridhika. — Mama, Mwanza*

Mama, mzuie. Mae Sot ni mji wa mpakani, na ng'ambo ya mto Moei ni Myawaddy, nchini Myanmar, kwenye makambi ambamo watu hufungiwa na kulazimishwa kuwatapeli wengine kwa mtandao. Februari 2025 maelfu ya watu walitolewa katika makambi hayo, wakiwamo Waafrika Mashariki, na wengi walikuwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand, wakapokelewa uwanjani kwa tabasamu.

Shule halisi, iwe ya kanisa au ya serikali, itamtaka cheti cha shahada na hati ya polisi ya mwenendo mwema. Itamwandikia barua ili aombe viza ya mfanyakazi, daraja la B, kwa ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi kabla ya kusafiri, kisha itamshughulikia kibali cha kazi na ruhusa ya baraza la walimu la huko. Kufundisha kwa viza ya utalii ni kosa, na atakayeadhibiwa ni yeye, si wakala. Atatakiwa pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa anatoka Tanzania.

Ikiwa wakala anashikilia kwamba kazi ni ya kweli, mwanao amwombe jina la shule, kisha atafute mwenyewe namba ya simu ya shule hiyo, si ile aliyopewa, na aombe kuzungumza kwa video na mkuu wa shule akiwa ofisini siku ya masomo. Thailand iko mbele yetu kwa saa nne, kwa hiyo apige saa moja asubuhi ya Mwanza, ambapo kule ni saa tano na watoto wamo darasani.