Kidonge kimoja cha moyo, dawa tatu tumboni

Wiki hii dada mmoja ameniandikia kwamba mumewe anatumia kidonge mseto cha moyo, na yeye presha yake imeanza kupanda. Je, wanaweza kugawana? Dada yangu, hapana. Kidonge changu nilipewa baada ya mshtuko wa moyo, na ndani yake mlikuwa na aspirini, atovastatini ya kushusha kolesteroli na ramiprili ya presha. Wewe hujaugua moyo. Aspirini inaweza kukutoa damu tumboni bila faida ya maana. Na ukiwa mjamzito, ramiprili humdhuru mtoto. Kapimwe, upewe ya kwako.

Mimi sikipingi kidonge hiki, tena nakisifu. Utafiti wa SECURE wa mwaka 2022 ulifanywa kwa watu kama mimi, na waliokitumia walipata matukio mabaya ya moyo na mishipa pungufu kwa takriban robo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaingiza vidonge vya aina hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Shemeji yangu aliyenicheka mbele ya ukoo mzima kwamba nimekuwa mtumwa wa dawa, leo presha yangu ni nzuri kuliko yake. Nimeshamwambia.

Ila kilikuja kikohozi. Kikavu, cha kukereketa koo, kinaanza ukishalaza kichwa tu. Pa kwanza nikapewa dawa ya kikohozi, pa pili antibayotiki, na hakuna aliyeuliza natumia dawa gani nyingine. Hilo linaniuma mpaka leo, maana kuna antibayotiki, klarithromaisini kwa mfano, zinazopandisha kiwango cha statini (dawa za kolesteroli kama ile atovastatini) mwilini hadi misuli ikaumia. Aliyenisaidia ni mfamasia kijana. Aliniambia nilete boksi, akapitisha kidole kwenye yale maandishi madogo, akasimama penye ramiprili. "Mzee, mkorofi wako huyu hapa."

Na hapo ndipo ubaya wa mseto ulipo: huwezi kumtoa mmoja ukawabakiza wenzake. Daktari alinirudisha kwenye vidonge vya mojamoja, akaweka losartani mahali pa ramiprili, kikohozi kikaisha taratibu.

Kwa hiyo ndugu zangu, someni boksi. Jua majina yote yaliyomo, na ukiandikiwa mseto muulize daktari ni vidonge gani vya zamani vilivyobaki nyumbani uviache, usije ukameza aspirini mara mbili. Watu wazima tunaona haya kuuliza, kana kwamba daktari atatuchapa! Uliza. Midomo au uso ukivimba, choo kikiwa cheusi kama lami, au misuli ikiuma na mkojo ukawa wa rangi ya chai, nenda hospitali mara moja. Ukiharisha au kutapika sana, piga simu uulize kabla ya kumeza, maana mwili ukikauka maji, ramiprili inaweza kuumiza figo. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki usizichanganye na kidonge hiki kienyeji, maana zinaongeza hatari ya kutoka damu na kuumiza figo.

Ukienda kung'oa jino au kufanyiwa upasuaji, taja kwamba mna aspirini ndani ya kidonge chako, halafu waache wao waamue. Usikiache mwenyewe kimyakimya, maana utakuwa umeacha na ya presha na ya kolesteroli siku hiyo hiyo.