Mume wangu hataki kula: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti. Unaniuliza ufanyeje na huyo mjukuu wangu, mume wangu wa miaka miwili, asiyetaka kitu zaidi ya wali mweupe, chipsi na maziwa, na mboga ikigusa wali tu anasukuma sahani. Tena umesema dada wa kazi anambana pua ili ameze.

Hilo la kubana pua likome leo, kabla ya mengine yote. Mtoto anayelia huku mdomo umejaa anaweza kuvuta chakula kwenye njia ya hewa, na hata asipopaliwa ataogopa kijiko chenyewe. Zungumza na dada kwa upole, maana naye anaogopa lawama mtoto akikonda.

Wewe pia punguza hofu, mama. Kwa kawaida mtoto akifikisha mwaka, uzito wake huwa kama mara tatu ya ule aliozaliwa nao, lakini mwaka wa pili huongeza kilo mbili na kidogo tu. Mwili umepunguza kasi, na hamu ya kula nayo hupungua. Na kuanzia umri huohuo wa miaka miwili, watoto wengi hukikataa chakula wasichokizoea. Itazame kadi ya kliniki: mstari wake ukiendelea kupanda, hana njaa ya kukutisha.

Ninachokitilia shaka ni maziwa. Kikombe asubuhi, kikombe saa nne, kingine akilia mchana, kisha chupa ya usiku, wali wenyewe utaingia wapi? Maziwa ya ng'ombe yakizidi nusu lita kwa siku humshibisha, nayo yana madini ya chuma kidogo mno, hivyo damu inaweza kupungua. Yapunguze. Chai usimpe, kwa kuwa huzuia chuma kisifyonzwe mwilini. Biskuti na juisi za kila saa ziondoke, ale kwa saa zinazojulikana, katikati apate maji tu. Atalia siku za mwanzo. Vumilia.

Sasa sahani. Mpakulie wali wake anaoupenda, pembeni weka maharage au mchicha kidogo, kijiko kimoja tu. Usimbembeleze, usimwahidi pipi, usimtolee macho. Akinusa, akishika, akitema, mwache, na kesho kutwa weka tena. Mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 10, hata 15, ndipo akikubali, na wazazi wengi huwa wameshakata tamaa mapema. Wewe amua kipi kiwe mezani na saa ngapi. Ale au asile, na kiasi gani, mwachie yeye. Najua jambo hili ni gumu kwa mama, lakini ndilo ninalokusihi kuliko yote. Na mboga usiifiche ndani ya wali, maana siku akigundua atakataa na wali pia.

Anza na vinavyofanana na anavyovipenda. Wa chipsi huyu mpe kiazi kitamu kilichochemshwa, ukikate virefu kama chipsi zake, baadaye boga, baadaye muhogo. Mchicha upike kwa nazi au karanga za kusaga, uchungu wake upungue. Choroko za nazi ni laini, na dagaa waliosagwa wanaingia vizuri kwenye mchuzi. Akila maharage mpe na papai au chungwa, husaidia mwili kuchukua chuma. Karanga nzima asipewe, na samaki mtoe miiba kwa mkono wako.

Halafu, mwanangu, ale na nyinyi. Sasa hivi anakula peke yake mbele ya katuni, nanyi mnakula saa tatu usiku ameshalala. Atajifunzaje matembele asipowaona mkiyala? Sogezeni chakula cha jioni mapema, hata kama ni siku za mapumziko tu, televisheni izimwe.

Ukiona mstari wa kadi umelala au unashuka, anapaliwa kila mara, anakula udongo, au viganja vimepauka, mpeleke kliniki bila kungoja. Uliza pia dawa ya minyoo na matone ya vitamini A, hutolewa kila miezi sita.

Unga wa ulezi nitautuma kwa basi Ijumaa. Ukishampima, niambie kadi inasemaje.

Mama yako