Watoto wanaosomea nyumbani Tanga: safari za mafunzo na kazi za mikono zilizotufaa

Dada, umeandika kwamba unawasomesha wanao wawili nyumbani, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 11, na kwamba vitabu vinakwenda vizuri, ila umeona wananakili zaidi kuliko wanavyoelewa. Umeuliza ni wapi hapa Tanga pa kuwapeleka, na wakishafika wafanye nini. Nami nimewasomesha wanangu nyumbani kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitajibu kwa yale tuliyoyafanya sisi wenyewe. Jambo moja nalitanguliza kwa sababu ndilo linaloamua kama safari itakuwa somo au itabaki kuwa matembezi: kabla hamjatoka nyumbani, kila mtoto awe na kitu mahususi cha kupima, kuhesabu au kulinganisha, na awe na daftari lake la kuandika alichokipata. Mtoto aliyepelekwa kutazama tu huanza kuuliza saa ya kurudi mapema sana, lakini aliyekabidhiwa kamba, futi na swali la kujibu huwa ndiye wa mwisho kuondoka.

Nashauri muanze na bahari, kwa kuwa ni jirani, ufukwe wa wazi hauna kiingilio, na somo lake halimaliziki kwa siku moja. Chagueni siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, mfike mapema maji yakiwa bado chini. Katikati ya ufukwe chomekeni fito ndefu iliyopakwa rangi mbili kwa kupokezana kila sentimita 10, ili isomeke kwa mbali mtakapokuwa mmeshapanda juu. Tangu maji yaiguse fito hadi yatakapojaa, mtoto asome kimo chake kila baada ya dakika 15 na kuandika. Jioni achore grafu. Ataona kwamba mwanzoni mstari unapanda kwa kasi, kisha unalala kadiri maji yanavyokaribia kujaa, na hapo atakuwa amepata kwa mkono wake mwenyewe jambo ambalo kila nahodha wa mashua analijua. Kesho yake rudini kuangalia saa ya kujaa tu: itakuwa imesogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa sababu dunia inapomaliza mzunguko wake mwezi nao umeshasogea, hivyo inabidi dunia iufuate kidogo zaidi. Yule wa miaka 11 anaweza kulielewa hili kwa chungwa, limau na tochi mezani.

Baada ya wiki moja rudieni kipimo hichohicho wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, muweke grafu mbili pamoja. Tofauti yake inaeleweka upesi zaidi mkiwa na kalenda ya mwezi, kwa kuwa bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nayo maji mafu huja unapokuwa nusu. Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji jedwali la kuchapishwa kwa ajili hiyo. Tarehe ya mwezi iliwatosha. Kwa hiyo, mkishamaliza kupima, wapelekeni watoto kwa mvuvi mnayemfahamu, wamwamkie kwa adabu na wamuulize ni kazi gani za uvuvi anazozipanga kwa tarehe hizo. Hakuna mwalimu wa jiografia atakayewaeleza vizuri kumpita.

Pwani hiyohiyo ina mikoko, na hapo kazi ni ya kutofautisha. Mkoko wenyewe unasimama juu ya mizizi mirefu iliyopinda kama miguu ya buibui, na mbegu zake huota zikiwa bado zinaning'inia mtini. Mchu, aina nyingine ya mti wa mikoko, huchomoza mizizi midogo iliyosimama wima kutoka kwenye tope ili ipate hewa, nayo majani yake hutoa chumvi nje. Mtoto akililamba jani ataionja, na kwa siku ile hutakuwa na haja ya kumfafanulia zaidi jinsi mti unavyoishi katika maji ya chumvi. Tandazeni kamba iwe mraba wa mita moja kwa moja, mhesabu mizizi ya mchu na matundu ya kaa ndani yake, kisha mrudie hatua kadhaa kuelekea baharini na hatua kadhaa kuelekea nchi kavu. Vaeni raba, kwa sababu maganda ya chaza kwenye mizizi yanakata vibaya, na ondokeni kabla maji hayajaanza kurudi kwa nguvu.

Mahali ninapopapenda kupita pengine pote ni magofu ya Tongoni, chini ya kilomita 20 kusini mwa mji kwenye barabara ya Pangani. Pana msikiti uliobomoka pamoja na makaburi yapatayo 40, baadhi yakiwa na nguzo, na mengi ya majengo hayo ni ya karne ya 14 na ya 15. Watu wengi hufika, hupiga picha na kuondoka. Ninyi nendeni na dira. Mtoto asimame mbele ya mihrabu, aelekeze dira kibla, aandike nyuzi anazozisoma. Atashangaa kuona kwamba mshale wa kaskazini na mihrabu vinaelekea karibu upande mmoja. Mkirudi nyumbani fungueni ramani ya dunia: Tanga iko karibu na longitudo ya 39 mashariki na Makka iko karibu na ya 40, kwa hiyo kwetu sisi kibla ni kaskazini takriban moja kwa moja. Halafu muulize ndugu zake walioko Kigoma wanaelekea wapi wanaposwali, na mji wa Dakar je? Kwa swali hilo mtoto wa miaka 11 anaweza kujifunza longitudo vizuri kuliko kwa kukariri kurasa nyingi. Yule mdogo mpeni kazi ya kupima urefu na upana wa makaburi machache na kuyachora kwa skeli, sentimita moja kwa kila mita. Jambo nisiloweza kulinyamazia: hapo ni makaburini. Watoto wafundishwe kabla ya kufika kwamba hawapandi juu ya kaburi, hawakai kwenye ukuta wake, na hawaokoti hata kigae.

Kuta hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hapo mnapata njia ya kuingilia somo la Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kaskazini mwa mji kwa barabara ya Horohoro. Kabla ya kwenda, chukueni nyumbani kipande cha ganda la chaza, mkitie katika siki, na muone mapovu yanavyotoka: asidi inaila chokaa na kutoa hewa ya ukaa. Mvua ina asidi hafifu sana, lakini ikipewa maelfu ya miaka inachimba pango lote, na matone yanayodondoka yanaiacha tena ile chokaa ikining'inia darini au ikisimama sakafuni. Mtoto aliyeyaona yale mapovu jikoni huingia pangoni akiwa na maswali yake, na mwongozaji atalifurahia hilo. Siki yenyewe ibaki nyumbani.

Kuhusu mkonge, yanatosha majani mawili matatu mtakayoyaomba kwenye shamba lolote njia ya Muheza. Vaeni glavu, kwani utomvu wake unawasha. Pimeni uzito wa jani bichi, lipareni juu ya ubao kwa kisu butu hadi zibaki singa, mzikaushe na kuzipima tena. Mtapata asilimia chache mno, pengine 3 hadi 5, na ndipo mtoto ataelewa kwa nini korona, yaani mashine ya kutoa singa za mkonge, inazungukwa na marundo ya mabaki. Hesabu ya pili ni ya historia: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ni asilimia ngapi? Ukitaka kuwaonyesha mashine ikifanya kazi, andika barua kwa meneja wa shamba mapema, utaje umri wa watoto, na usiende bila jibu la maandishi.

Amani, kwenye milima ya Usambara, ni ya kulala huko, hivyo isubirini likizo. Bebeni kipimajoto kimoja, msome joto Tanga asubuhi na Amani mchana uleule; kwa kimo cha mita 900 hivi tofauti inatarajiwa kuwa kama nyuzi 5, ingawa saa na mawingu huibadilisha, na hilo nalo liandikwe.

Silikanti, samaki wa kale, hamtamwona akiwa hai, kwa sababu anaishi kwenye kina kirefu, japo hifadhi ya bahari iliyopewa jina lake tangu 2009 iko hapahapa kwetu. Wanasayansi walidhani samaki huyu ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi mwaka 1938 aliponaswa mmoja Afrika Kusini. Chukueni chaki mmchore uani kwa ukubwa wake halisi, karibu mita 2, kisha watoto walale kandokando ya mchoro wajilinganishe.

Umeuliza pia kuhusu gharama. Bahari, mikoko na mkonge ni nauli tu. Kwa Tongoni na Amboni chukueni vitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia ni tofauti na cha wageni, na mkiungana familia mbili au tatu mnaweza kugawana usafiri. Msizidi hapo, maana watoto wakiwa wengi fito na dira hushikwa na wawili tu na wengine hubaki kutazama. Bamvua lijalo litakapokaribia, niandikie kwa faragha. Tutakuwa na fito yetu ufukweni, na wanao watapata nafasi ya kusoma zamu yao.