Presha ya macho: matone yakishindwa

*Nikipasuliwa glakoma, yaani presha ya macho, nitaona tena kama zamani?*

Hapana. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno kwenye safu hii ya barua. Neva ya jicho ikifa haifufuki. Upasuaji hulinda kilichobaki. Anayekuahidi zaidi, mkimbie.

*Natumia matone ya aina tatu, presha haishuki. Daktari mmoja anataka trabekulektomi, mwingine mrija. Nimsikilize nani?*

Kwanza, matone hayo unayatia kweli, au unayatia siku ya kwenda kliniki? Kama unayatia, basi wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Trabekulektomi hutoboa kijilango kwenye weupe wa jicho, chini ya kope la juu, maji ya ndani ya jicho yatoke na kujikusanya chini ya utando kama kilengelenge. Ndiyo inayoweza kushusha presha hadi karibu na 10 (milimita za zebaki), pengine bila tone hata moja. Adui wake ni kovu: mwili hutaka kuziba tundu, ndiyo sababu hupakwa mitomaisini, dawa ya kuzuia kovu. Mrija hupeleka maji kwenye kisahani kilichoshonwa nyuma zaidi. Presha mara nyingi hubaki juu kidogo, na matone bado huhitajika. Lakini kwa macho yaliyokwisha kupasuliwa mtoto wa jicho au glakoma, utafiti mmoja mkubwa ulikuta baada ya miaka 5 mrija umeshindwa kwa takriban 30%, trabekulektomi 47%. Kwa jicho ambalo halijaguswa na kisu, na linalohitaji presha ya chini sana, mimi ningeanza na trabekulektomi. Umeandika kurasa mbili bila kusema lako limepasuliwa mara ngapi.

Na kama huwezi kurudi kliniki mara kwa mara wiki za mwanzo, sema kabla ya kulazwa. Nyuzi za mshono hulegezwa na kovu hudhibitiwa wakati huo.

*Vipi vile vifaa vidogo vya kisasa?*

Vinafaa glakoma ya mwanzo, hasa ukiwa unatolewa mtoto wa jicho. Iliyokomaa huvishinda.

*Leza haitoshi?*

Leza ipi? Ipo ya kusaidia maji yatoke, na ipo ya kuunguza kiwanda chenyewe cha maji. Hii ya pili haina kurudi nyuma. Rudi ukaulize jina.

*Nilifanyiwa trabekulektomi miaka 3 iliyopita. Tangu jana jicho ni jekundu, linauma, linatoa uchafu. Nitie dawa gani?*

Huyu nilimjibu saa ileile: nenda hospitali ya macho sasa hivi. Kilengelenge kile huweza kuingia vijidudu hata baada ya miaka mingi, na jicho likapotea kwa siku chache. Dalili hizi hazingoji zamu ya barua.