Maswali yenu: barua za Samuel Johnson na wachapishaji wake

Safari iliyopita niligusia barua za Samuel Johnson, yule mhakiki Mwingereza wa karne ya 18, na wachapishaji wake wa London, basi maswali yakamiminika. Nimeokota machache, mengine yanafanana.

Hizo barua zina nini hasa, ni mijadala ya fasihi au ni hela tu?

Hela zipo, ila nyingi ni vikaratasi vya kazi tu, na kwangu mimi hivyo ndo vitamu zaidi. Iko hivi: mwaka 1777 wauza vitabu kama 40 wa London (enzi zile muuza vitabu ndo huyo huyo mchapishaji) waliungana kutoa mashairi ya Kiingereza kwa pamoja, maana 1774 Bunge la Mabwana la Uingereza lilishaamua hakimiliki sio mali ya milele, kwa hiyo wengine nao wangeweza kuchapa mashairi ya zamani, na kulikuwa na toleo la herufi ndogo limechapwa Edinburgh linawanyima usingizi. Wakawatuma watu watatu, Thomas Davies, William Strahan na Thomas Cadell, wamwombe Johnson aandike dibaji fupi ya maisha ya kila mshairi. Fupi jamani! Zikaja kuwa juzuu 10, washairi 52, za mwisho zikatoka 1781.

Aliyebeba mzigo wenyewe ni mchapaji, John Nichols. Huyu alikuwa anapokea vinoti kila mara, nitumie kitabu fulani, nirudishie kurasa fulani. Julai 1778 Johnson anamwambia sasa unayo dibaji ya Cowley yote (Cowley na wenzake hapa ni washairi wa mkusanyiko huo), imerefuka kwa sababu Cowley na Waller hakuna mtu aliyewahi kuwahakiki, Dryden nimefika nae mbali na yeye atakuwa mrefu pia, halafu mkubwa anayefuata ni Milton. Yani dibaji inageuka kitabu mbele ya macho ya mchapaji na wenye hela wakamwachia tu. Kuna kingine kinanichekesha kila nikikisoma: anasema nimesharudi nyumbani, niletee kurasa za mwisho za ule uhakiki wa maandishi ya makaburini ya Pope nizisahihishe, halafu anamsihi Nichols asije akatupa prufu (kurasa za majaribio za kusahihishia) za Pope, naye mshairi, kuna bibi mmoja kaahidiwa na anazitaka.

Mzee shikamoo, si kweli kwamba walimpunja? Wachapishaji ni walewale tangu zamani.

Marahaba. Sio kawaida yangu kuwatetea wachapishaji lakini leo itabidi. Walimwambia ataje bei mwenyewe, akasema gini 200 (gini moja ni shilingi 21 za Kiingereza), wakakubali palepale, nani angekataa! Edmond Malone, msomi rafiki yake, alikuja kuandika kwamba angetaja hata 1,000 au 1,500 wangetoa. Baadae wakamuongezea gini 100 bila kuombwa, na Nichols anasimulia Johnson alisema hana la kulalamika, tatizo sio kwamba wamemlipa kidogo, tatizo ni yeye kaandika sana.

Kwa hiyo hakuwahi kugombana nao?

Aligombana, ila angalia kilichomuuma. Vile vitabu vya mashairi vilianza kuandikwa mgongoni "Washairi wa Johnson". Akamwandikia Nichols kwa hasira kwamba huo ni ujeuri mkubwa, wanaweka jina lake kwenye vitabu ambavyo yeye hakuvipendekeza wala kuvipitia, alichopendekeza ni washairi Blackmore na Watts tu, sasa vinakuwaje vya Johnson? Kwenye gini 200 alikaa kimya, kwenye jina akawaka. Mimi namuelewa kabisa, maana kazi ya mhakiki ni kusema hiki kizuri hiki kibaya, sasa ukimwekea muhuri wake juu ya washairi aliowaponda humohumo ndani kwenye dibaji, amebaki na nini?

Ni kweli aliwahi kukamatwa kwa deni?

Kweli, na baada ya kamusi yake ya Kiingereza kutoka, wakati kila mtu anamjua. Tarehe 16 Machi 1756 alimwandikia Samuel Richardson, mchapaji na mwandishi wa riwaya, kwamba ameshikwa kwa deni la paundi 5 na shilingi 18, Strahan ambaye ndo angemsaidia hayupo nyumbani, na Johnson anaogopa kwamba Andrew Millar, mmoja wa wachapishaji wa kamusi, naye hatampata. Richardson akatuma gini 6. Ona anavyowataja, mmoja baada ya mwingine, hao ndo walikuwa benki yake.

Millar si ndo yule aliyemshukuru Mungu?

Ndo huyo. Karatasi ya mwisho ya kamusi ilipomfikia alisema anamshukuru Mungu kamalizana na mtu huyu. Johnson alipoambiwa akajibu anafurahi kusikia Millar anamshukuru Mungu kwa lolote.

Mimi naandika, mswada wangu wa kwanza uko tayari. Kuna cha kuiga kwenye masharti yake?

Soma barua ya 20 Januari 1759 kwa Strahan. Mama yake yuko mahututi kwao Lichfield, yeye anauza Rasselas, hadithi ya mwanamfalme wa Abyssinia, na anaitaka hela Jumatatu usiku, paundi 30 mkononi akikabidhi mswada. Hata kwa haraka ile aliweka njia tatu mezani: bei ya moja kwa moja kwa kila juzuu, au paundi 60 kwa toleo la kwanza tu halafu haki zinarudi kwake, au paundi 40 na abaki na nusu ya haki. Akaishia kupata 100 na nyingine 25 toleo la pili lilipotoka, haki zikaenda kwa wanunuzi. Wewe usiyebanwa hivyo, ing'ang'anie ile njia ya pili.

Zinapatikana wapi?

Bruce Redford alizihariri juzuu 5, zikatolewa na wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, 1992 hadi 1994. Ukitaka za Nichols rukia juzuu ya 3.