Ofa Siyo CAS: Kwa Wanaoomba Vyuo vya Uingereza kwa Fedha Zao

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa msomaji mmoja. Anahema, na nyuma yake watu wanapiga vigelegele. "Kaka, nimepata ofa! Nimetuma maombi Jumatatu, leo Alhamisi wameshajibu. Ila wakala anasema nilipe dipoziti kabla ya Jumatatu, la sivyo nafasi inakwenda. Nilipe?"

Furaha ile naijua. Mwaka 2022 nilikuwa nayo mimi, na nililipa dipoziti siku ileile.

Nilikuwa nimeomba shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha England ambacho sitakitaja. Nilikuwa na shahada ya kwanza yenye daraja zuri, alama 7 za IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, na barua za walimu wawili walioniamini. Ofa ikaja ndani ya siku nne. Nikasoma neno "hongera" na aya iliyofuata, basi. Nikaona wameutambua uwezo wangu. Mwezi wa saba nikaacha kazi.

Barua ile ilikuwa na kurasa sita. Nimekuja kuisoma yote Oktoba, nikiwa bado nyumbani.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba faili la mwanafunzi wa kigeni anayejilipia hupita katika mikono miwili isiyofikiri sawa. Mkono wa kwanza ni wa wanaotafuta wanafunzi. Hawa wanakutaka, na sababu iko wazi. Kule England serikali imeweka kikomo cha ada ya shahada ya kwanza kwa wanafunzi wa nyumbani: paundi 9,250 kwa mwaka tangu 2017, ikapandishwa hadi 9,535 kwa mwaka wa masomo wa 2025/26. Ada ya mgeni haina kikomo, chuo kinajipangia chenyewe. Ndiyo maana wanajibu haraka, wanasafiri kwenye maonyesho ya elimu, na wanawalipa mawakala kamisheni ambayo kwa kawaida ni asilimia fulani ya ada yako ya mwaka wa kwanza. Wakala anapokwambia huduma yake ni bure, maana yake analipwa na chuo baada ya wewe kuandikishwa. Wapo mawakala waadilifu, nimekutana nao baadaye. Lakini jua mshahara wake unatoka wapi kabla hujamuuliza kama chuo ni kizuri.

Mkono wa pili ni wa wanaosimamia masharti ya viza. Mbele ya serikali ya Uingereza chuo ndicho mdhamini wako, na udhamini huo una leseni. Kila mwaka chuo hupimwa: kati ya waombaji kiliowapa CAS, ile namba ya uthibitisho unayoombea viza, kwa miaka mingi sharti lilikuwa walionyimwa viza wasifike asilimia 10. Mei 2025 serikali ikatangaza kwamba kikomo hicho kitashushwa hadi asilimia 5. Na siyo vitisho vya makaratasi. Agosti 2012 London Metropolitan University ilinyang'anywa leseni, na wanafunzi wa kigeni zaidi ya 2,000 wakawa hatarini kukosa pa kusomea. Kwa hiyo ofisi hii haikuangalii kama ada. Inakuangalia kama mtu anayeweza kukiharibia chuo hesabu zake, na yenyewe ndiyo inayosema neno la mwisho.

Mimi nilikutana nao mwezi wa nane, kwa video, katika mahojiano ya kabla ya CAS. Dada aliyenihoji alikuwa na sauti ya upole. Aliniuliza kwa nini nimechagua kozi hii, nikajibu "ubora wa elimu." Akaniomba nitaje moduli mbili, yaani masomo mawili ndani ya kozi, za muhula wa kwanza. Nilitaja moja, na ya pili ikawa ya chuo kingine nilichokuwa nimeomba. Akaandika kitu. Kisha akafungua taarifa yangu ya benki kwenye skrini, nikauona mshale ukishuka polepole, mstari kwa mstari, mpaka ukasimama mahali fedha nyingi zilipoingia kwa mkupuo, siku 19 nyuma.

"Hizi zimetoka wapi?"

Mama alikuwa ameuza kiwanja. Hilo tu ndilo lilikuwa jibu. Lakini wakala alikuwa amenifundisha kwamba fedha za mwenyewe zina nguvu zaidi, nikasema ni akiba yangu ya miaka mitatu. Akaushusha mshale hadi kwenye mshahara wangu wa mwezi, akauacha hapo. Hakusema neno, na mimi nikakosa la kusema.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba ukweli ungekubalika. Kanuni za viza ya wanafunzi zinaruhusu fedha za wazazi, mradi uwe na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha ni wazazi wako, na barua yao ya kuridhia. Karatasi mbili. Nilikuwa nazo ndani ya nyumba.

Na hata bila uongo ule, hesabu ilikuwa haijatimia. Fedha zinatakiwa zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki isiwe imepitisha siku 31 tangu ilipofungwa mpaka siku unayoomba. Kiwango chenyewe ni ada uliyobakiza pamoja na fedha za kujikimu miezi tisa. Mwaka ule, kwa nje ya London, kujikimu kulikuwa paundi 1,023 kwa mwezi, yaani 9,207. Viwango vimepanda zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo angalia tovuti ya serikali ya Uingereza siku unayopanga kuomba, usitegemee alichoandika mtu mwaka jana, hata mimi.

Baada ya siku tano nikaandikiwa kwamba chuo hakitanipa CAS kwa msimu huo. Dipoziti walikuwa wameipokea ndani ya dakika kumi. Kuirudisha kuliwachukua miezi minne, na ilirudi imekatwa. Wakala hakupokea tena simu yangu.

Mwaka uliofuata sitausimulia wote. Nilipata kazi ya muda, nikaomba chuo kingine mwenyewe, bila wakala. Fedha zilikaa kwenye akaunti ya mama zaidi ya miezi miwili bila kuguswa. Nilisoma maelezo ya kila moduli mpaka nikajua nani anaifundisha na inasahihishwaje. Mahojiano yalikwisha ndani ya dakika kumi na mbili. CAS ikaja wiki ileile, viza ikafuata. Mwaka 2024 nimemaliza kwa alama za juu kabisa, na nalisema hili kwa kujivunia, maana wapo waliosema sitaondoka.

Sasa niseme na ninyi mlio kwenye foleni. Someni barua. Ofa yenye masharti na ofa isiyo na masharti zote mbili si CAS, na bila CAS huendi popote. Someni ukurasa wa masharti ya malipo kabla ya kutuma hata senti moja, halafu mkiandikie chuo wenyewe, kwa barua pepe, kuuliza mambo matatu: narudishiwa kiasi gani nikinyimwa CAS, kiasi gani nikinyimwa viza, na kiasi gani nikibadili mawazo? Majibu huwa hayafanani. Vyuo vingi hurudisha dipoziti viza ikikataliwa, vikikata gharama zao, ila vikigundua nyaraka za kughushi havirudishi.

Na hilo la kughushi, ndugu zangu, acheni. Njia ya mwongo ni fupi. Mimi nilidanganya kwa mdomo tu nikapoteza mwaka. Anayepeleka nyaraka bandia kwenye maombi ya viza anaweza kufungiwa miaka kumi. Mtu akikwambia "tutaazima fedha zikae kwenye akaunti yako kidogo," mkimbie. Na akikuahidi utakwenda na mke au mume ukiwa kwenye uzamili wa kozi ya darasani, muulize amesikia lini mara ya mwisho habari za Uingereza, kwa sababu mlango huo ulifungwa kwa kozi zilizoanza Januari 2024. Unabaki wazi kwa wanaosoma uzamivu na uzamili wa utafiti.

Wanaoniuliza Marekani: mpangilio ni uleule kwa majina mengine. Barua ya kukubaliwa huja kwanza, halafu unaonyesha fedha za mwaka wa kwanza, ndipo chuo kinakupa I-20 ya kuombea viza. Barua siyo I-20.

Yule mdogo wangu wa ujumbe wa sauti nilimjibu alfajiri. Nilimwambia asilipe, afungue barua yote, anitafutie mstari wenye tarehe ya mwisho ya dipoziti. Saa nne asubuhi akanitumia picha ya ukurasa wa tano, kidole chake kimewekwa chini ya tarehe. Chuo kimempa wiki sita. Ile Jumatatu ilikuwa ya wakala. Barua pepe ya maswali matatu ameituma mchana wa jana, na fedha za baba yake zimeingia benki leo, kwa hiyo tumeanza kuhesabu siku ya kwanza kati ya 28.