Anasema Mungu ndo kamtuma

SWALI: Shikamoo dada. Mi nipo Kaliua, Tabora. Kuna kijana anagombea udiwani huku, kila akisimama anasema Mungu ndo kamtuma, nikimuuliza habari ya maji ananisomea aya. Hivi dini iingie kwenye siasa kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Katiba yetu ibara ya 19 imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi, ila huruma ya mtu mwenye imani haibaki msikitini wala kanisani. Angalia hapo hapo wilayani kwenu, Ulyankulu, Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi wakalima, na 2014 serikali ikatangaza uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyerere, Mkatoliki wa misa kabisa, alipewa tuzo ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaosaidia wakimbizi, mwaka 1983. Hiyo ndo imani mi naielewa, imegeuka shamba na karatasi ya uraia, bibi anaikunja kwenye kanga anaifunga fundo. Huyo kijana mwachie aya zake, ila muulize tena mbele za watu, kisima kinachimbwa wapi na hela inatoka wapi.